Kuhesabu ndege kwa vituo, kutoka msitu wa Pugu hadi Kariakoo

Kuhesabu kwa vituo ni kusimama mahali pamoja kwa dakika chache na kuandika kila ndege unayemwona au kumsikia, kisha kuhamia mahali pengine. Msituni ndege wengi husikika tu, mjini wengi huonekana. Ukihesabu Pugu, pembezoni mwa Dar es Salaam, na Kariakoo, katikati ya jiji, ukaandika majina na idadi peke yake, utakuwa umelinganisha masikio na macho. Ndiyo maana kila ndege lazima aandikwe pamoja na umbali wake kutoka uliposimama. Ukikosa umbali, asubuhi nzima imepotea.

Vifaa ni vichache: darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 (ya mara 10 hutikisika mkononi na huonesha eneo dogo, kwa hiyo msituni inakuchelewesha), saa ya sekunde, simu yenye GPS, ubao wa kubania karatasi, kamba ya mita 25, na penseli. Kalamu ya wino haifai, umande unachafua karatasi.

Hatua ya 1: Vibali

Pugu ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), hivyo kibali kinaombwa huko. Mtaani, ripoti ofisi ya serikali ya mtaa na utembee na barua. Usipange kituo karibu na kambi ya jeshi, bandari au jengo nyeti. Mtu mwenye darubini mahali hapo atakamatwa kwanza, maelezo baadaye.

Hatua ya 2: Panga vituo

Chagua mazingira matatu, kwa mfano msitu, mashamba ya pembezoni na mitaa yenye nyumba zilizobanana. Kila moja lipate vituo 10 au zaidi, vikiachana mita 250, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Cha kwanza kipatikane kwa bahati nasibu kwenye ramani, vingine vifuate kwa umbali ule ule. Kosa la kawaida ni kuvipanga vyote kandokando ya barabara kwa sababu kufika ni rahisi. Ukingo wa msitu una ndege wake, na wale wa kivulini hutawapata.

Hatua ya 3: Zoeza jicho na sikio

Vuta kamba, weka alama mita 25, 50 na 100, kisha mwombe mwenzako apige mluzi kutoka kila alama huku umefumba macho. Rudia hadi usikosee sana. Dudumizi ndiye anayewaangusha wengi: sauti yake nzito, kama maji yanayomiminika kutoka chupani, hufika mbali na kukufanya udhani yuko kichaka cha jirani.

Hatua ya 4: Hesabu

Anza dakika 15 hivi baada ya jua kuchomoza, umalize kabla ya saa 3:30 asubuhi. Mvua au upepo wa kutikisa matawi ukija, ahirisha. Ukifika kituoni tulia dakika 2, kisha hesabu dakika 10, ukitenganisha 5 za mwanzo na 5 za mwisho. Kadiri unavyokaa ndivyo ndege kutoka nje wanavyoingia ndani ya duara unalohesabu kukuzunguka, na mgawanyo huu utakuonesha ni wapi idadi ilipopanda.

Kila ndege aandikwe mara moja, kwenye umbali aliokuwepo ulipomgundua: 0–25, 25–50, au 50–100. Wanaopita angani bila kutua, kama mwewe, teleka na mbayuwayu, wapate safu yao. Ukiwachanganya na waliotua, Kariakoo itaonekana tajiri kuliko ilivyo.

Usicheze sauti za ndege kwenye simu ili wajibu. Unawavuta karibu, umbali unaharibika, na wakati wa kutaga unawatoa viotani.

Tiva anahitaji uangalifu wa pekee. Dume na jike huimba kwa kupokezana kwa haraka hivi kwamba sikio linasikia wimbo mmoja wa ndege mmoja. Sikiliza mahali sauti zinapotoka: kipande cha kwanza kikitoka kushoto na jibu likitoka kulia kidogo, hao ni wawili. Kinyume chake ni *Cossypha natalensis*, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, anayejificha kivulini na kuiga ndege wengine. Ukisikia spishi nne kutoka kichaka kimoja ndani ya nusu dakika, ngoja umwone kabla ya kuandika.

Hatua ya 5: Andika mazingira

Ndani ya mita 50 andika idadi ya miti yenye kipenyo cha zaidi ya sentimita 30, kiasi cha ardhi iliyofunikwa na saruji au lami, maji, kelele, na takataka zilizo wazi. Takataka usiziruke hata kidogo. Kunguru wa India, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa ametapakaa pwani nzima, akila mayai na makinda ya ndege wadogo. Jalala ndilo linalomlisha. Mwandike mbali na kunguru wetu mwenye kifua cheupe. Ukiandika "kunguru" tu, karatasi hiyo haitamsaidia yeyote anayetaka kumdhibiti. Na sumu usiitege mwenyewe, itaua wasiokusudiwa.

Hatua ya 6: Rudia

Tembelea kila kituo angalau mara mbili kwa msimu, mara ya pili ukianzia mwisho, ili kituo kile kile kisipate saa 3 kila siku. Wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa huku takriban Oktoba hadi Aprili. Ukihesabu msitu Januari na mtaa Julai, tofauti utakayoipata huenda ni ya msimu tu.

Hatua ya 7: Kagua kabla ya kulinganisha

Duara la mita 25 lina hekta 0.196, na pete ya mita 25 hadi 50 ina hekta 0.589, yaani mara tatu. Kama ungewagundua wote, pete ingekuwa na ndege mara tatu ya duara la ndani. Tuseme shore (aina moja ya ndege) wa msituni ni 12 ndani na 15 tu kwenye pete: ulitarajia 36, kwa hiyo zaidi ya nusu wamekupita. Mtaani wakiwa 12 na 34, umekosa wachache sana. Ukijumlisha hadi mita 50 utapata 27 dhidi ya 46 na utadhani mtaa una shore wengi zaidi, kumbe kwenye mita 25 za karibu wako sawa. Linganisha duara la ndani peke yake, au tumia programu huria ya R, yenye vifurushi vya kurekebisha ugunduzi kwa umbali.

Orodha zako zipandishe eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, au zitume kwa Tanzania Bird Atlas, mradi wa ramani za ndege wa Tanzania, lakini mahali pa viota vya bundi na kasuku pasitajwe hadharani, maana wategaji nao husoma. Karatasi zipige picha siku ile ile, kabla hujaondoka kituo cha mwisho.