Blanketi la mabaki ya vikwembe: shonea juu ya msingi

Fundi yeyote wa soko la Kadutu, hapa Bukavu, ana mfuko wa mabaki ya vikwembe, yaani vitenge, chini ya mashini yake. Msalimie vizuri, atakupa bure au atakuuzia kwa pesa kidogo. Shida inaanza ukifika nyumbani: ni mabaki ya makwapa ya libaya (blauzi ya kikwembe) na ya sketi za mwavuli, hakuna kipande chenye kona nne. Binti wa jirani aliyaunga hivyohivyo, akapata blanketi lililojikunja kingo kama jani la kabichi. Mashini yake ni nzima, na mkono wake hauna kasoro. Vipande vilikatwa mshazari, yaani kiulalo bila kufuata nyuzi, na kitambaa cha mshazari kinavutika. Njia niliyomwonyesha ni hii.

Hatua ya 1: Kuchagua

Chukua pamba tu. Kama una shaka, chomoa nyuzi chache uziwashe kiberiti, nje ya nyumba: pamba inaacha jivu laini, polista inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jinzi iwekee mfuko wake. Ukiishona pembeni mwa kikwembe chepesi, kikwembe ndicho kitakachochanika.

Hatua ya 2: Kufua

Fua vyote, hata vipya, maana kikwembe kipya kina wanga na kitarudi kidogo. Nyekundu na buluu nzito zioshe peke yake; maji yakizidi kutoka rangi, achana nazo. Chumvi ya kwenye beseni sijaiona ikisaidia.

Hatua ya 3: Kushonea juu ya msingi

Hapa usiwe na haraka. Msingi ni kitambaa cha chini kinachobeba vipande na kuvizuia visivutike. Mimi napenda mashati ya kiume ya mitumba, yale ya pamba, kuliko shuka: shuka lililochakaa huwa limelegea katikati bila wewe kujua.

Kata msingi wa sentimita 27 kwa 27, ukifuata nyuzi. Kwenye shati ni rahisi, nyuzi zinakwenda sambamba na mstari wa vifungo. Kama shati limeshakatwakatwa, livute kwa mikono miwili: upande usiotoa ndio wa nyuzi, ule unaovutika ni mshazari. Ukikosea kwenye msingi, yote yanayofuata ni kazi bure. Vipande 30, vitano kwa sita, vinatoa blanketi la sentimita 125 kwa 150, la mtoto.

Sasa kata mabaki yawe mikanda ya upana wa sentimita 4 hadi 7. Mikanda ikate unavyotaka, mshazari au wima, msingi utaishika. Laza mkanda wa kwanza kutoka kona hadi kona, uso juu. Wa pili ulaze juu yake, uso kwa uso, kingo zilingane upande mmoja. Shona sentimita 1 kutoka ukingoni, fungua, piga pasi, weka mwingine. Endelea pande zote mbili hadi msingi ufunikwe.

Mambo yanayoharibu hapa ni haya. Usivute kitambaa nyuma ya sindano. Acha meno ya mashini yakisogeze. Pasi igandamize na kuinua, usiiburute, maana kuburuta ndiko kunakovuta mkanda wa mshazari. Ya makaa ikung'ute majivu nje kwanza na uijaribu kwenye kitambaa kibovu. Kila baada ya mshono geuza uangalie msingi haujajikunja chini. Mkanda wa kona ya mwisho uwe mpana. Ukiwa mwembamba, mishono miwili itakutana hapo na kona itakuwa nene. Sindano namba 90, mshono mfupi wa milimita 2. Mashini ya mguu naipendelea kuliko ya umeme: unaisimamisha unapotaka.

Ukimaliza, geuza, punguza kingo kwa kufuata msingi, kisha zungushia mshono milimita 5 kutoka ukingoni.

Hatua ya 4: Kuunga

Panga chini sakafuni, geuzageuza hadi upendezwe, unga mstari kwa mstari, sentimita 1.

Hatua ya 5: Katikati na nyuma

Katikati tia blanketi la zamani. Nyuma tia kitambaa kimoja kinachozidi sentimita 4 kila upande. Piga bandi, mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kutoka katikati kwenda nje, kisha funga fundo la uzi mzito kwenye kila makutano ya kona. Kushona matabaka yote matatu kwa mashini ndogo ni kujitesa.

Hatua ya 6: Pindo

Kunja kona kwanza kwa pembetatu, kisha kunja ziada ya nyuma mara mbili ije mbele. Shona kwa mkono, na uzi uwe wa rangi ya kitambaa cha nyuma, kwa kuwa ndicho kinachoonekana ukingoni.