Dawa ya mwarobaini inayotoka taratibu kwa ajili ya mahindi, hatua kwa hatua

Huku Mabogini, Moshi, wengi tunatwanga mwarobaini, tunaloweka, tunapulizia, siku chache mbele mtu anasema haifanyi kazi. Dawa ni nzuri jamani, ila jua linaila, ile sumu yake ya wadudu, azadirakitini, inaharibika haraka kwenye mwanga. Ndo maana mi naichanganya na udongo naificha kwenye moyo wa mche, mvua ikinyesha inatoka kidogo kidogo palepale kiwavijeshi anapokula.

Hatua ya 1. Okota matunda ya njano, toa nyama yote, osha mbegu, anika kivulini penye hewa mpaka zikauke kabisa. Hapa usiharakishe. Msimu mmoja nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni zikiwa na unyevu, kuja kufungua ukungu wa kijani umetanda mfuko mzima, nikafukia zote, iliniuma sana, lakini ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu na ukitwanga vumbi lake unalivuta. Weka kwenye gunia la katani.

Hatua ya 2. Maganda yatoe, twanga viini kwenye kinu. Unga ukianza kung'aa mafuta na kushikana, acha hapohapo.

Hatua ya 3. Kopo 1 la unga, kopo 1 la udongo wa mfinyanzi mkavu uliochekechwa, au vumbi la mbao. Changanya mpaka rangi iwe moja.

Hatua ya 4. Bana kidogo kwa vidole, dondosha kwenye moyo, pale majani machanga yamejikunja kama kikombe. Kilo 1 ya unga wa mwarobaini inatosha miche 1500 hadi 2000. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 ina miche kama 18,000, yaani kilo 9 mpaka 12 kwa mzunguko mmoja, ni nyingi, kwa hiyo kama huna za kutosha kagua kwanza uanze na ile iliyotobolewa. Wahi viwavi wakiwa wadogo, maana mwarobaini hauui papo hapo, unawakata hamu ya kula na wanashindwa kujivua gamba, na kiwavi akishaingia kwenye bua humpati tena.

Hatua ya 5. Rudia kila siku 8 hadi 10, kama mara tatu hivi. Sisi wa mifereji tuangalie hapa, maji yanapita chini hayafiki moyoni, mvua ikikata hiyo dawa inakaa tu kavu, bora upulizie ya maji kila wiki, jioni jua likishapoa.

Kila ukirudi angalia kinyesi moyoni, kile kama unga wa mbao. Kikiwa kibichi weka tena, kikiwa kikavu na jani jipya halina tundu, ruka mche huo.