Jinsi ya kupanga na kuchuja bidhaa kwenye katalogi ya sapulaya

Ukifungua katalogi ya mtandaoni ya sapulaya, yaani anayekuuzia mzigo wa kuuza tena, usikimbilie kupanga kwa bei, anza na filta ya vilivyopo stoki, maana bila hiyo utapitia kurasa kibao za vitu vilivyoisha kitambo. Halafu cheki mpangilio uliokuja na saiti yenyewe, mara nyingi ni "zinazopendekezwa", na hapo sapulaya anakuonyesha anachotaka yeye kitoke, badilisha.

Kinachowaponza wengi ni bei. Saiti nyingi zinapanga kwa kuchukua bei ya chini kabisa ya bidhaa, yaani tisheti inakaa juu kabisa kumbe hiyo bei ni ya saizi S tu na S yenyewe imeisha, kwa hiyo ingia ndani, chagua saizi na rangi unayotaka ndo uone stoki yake. Na angalia kiwango cha chini cha oda, hiyo bei nzuri inaweza kuwa ya anayebeba katoni nzima.

Filta zikikuletea ukurasa mtupu toa moja moja, usifute zote. Afu "inapatikana kwa oda" sio stoki, yaani mzigo bado haupo, tafadhali usimwahidi mteja kabla hujauliza mzigo unaingia lini.