Tovuti ya nyumba ya wageni ipande Google: anza na maswali ya wageni wenyewe

Kabla hujagusa tovuti yako, chukua simu ya biashara, ingia WhatsApp, panda juu hadi mazungumzo ya zamani. Andika kwenye daftari kila swali ambalo mgeni aliuliza kabla hajalipa. Usilisafishe, liandike kwa maneno yake mwenyewe. Mimi natunza tovuti ya nyumba ndogo ya wageni Jambiani, pwani ya kusini mashariki ya Unguja, na maswali yake yanajirudia mwaka mzima. Kutoka uwanja wa ndege hadi huko ni bei gani? Bahari inaogeleka saa ngapi? Upepo wa kaiti unaanza mwezi gani? Kuna chumba cha watu wanne? Umeme ukikatika mna jenereta?

Maneno hayo hayo ndiyo wanayoyaandika Google kabla hawajakujua. Kwa hiyo daftari hilo ndilo mchoro wa tovuti yako: kila swali zito lipate ukurasa wake, kila ukurasa ufikike, na ufunguke upesi kwenye simu.

Kuna watu wanaopita kwenye mahoteli wakiuza "nafasi ya kwanza Google ndani ya mwezi". Usiwape hela. Google wenyewe wameandika wazi kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Kazi ninayoieleza hapa unaiweza mwenyewe, kidogo kidogo jioni, hasa kipindi cha masika wageni wakiwa wachache.

Hakikisha Google inakuona

Nenda Google uandike site, nukta mbili, kisha anwani yako bila kuacha nafasi, kwa mfano site:jinalako.co.tz. Kurasa zako zikitokea, endelea mbele. Isipotokea hata moja, usianze kuandika kurasa mpya, maana kuna mahali pamefungwa. Kwenye WordPress, programu inayotumika kujengea tovuti nyingi, fungua mipangilio ya usomaji. Mle kuna kisanduku kinachoziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi, halafu kazi inakabidhiwa na alama imebaki pale pale. Iondoe. Kisha fungua jinalako.co.tz/robots.txt, faili linaloziambia injini za utafutaji zisome nini na ziache nini. Ukikuta "Disallow: /" chini ya "User-agent: *", tovuti nzima imepigwa marufuku kusomwa.

Baada ya hapo jisajili Search Console, chombo cha Google cha kukuonyesha jinsi tovuti yako inavyotokea kwenye utafutaji, ambacho ni cha bure. Itakutaka uthibitishe kwamba tovuti ni yako. Njia imara zaidi ni kuweka rekodi ya TXT, yaani mstari mfupi wa maandishi, kwenye DNS ya jina lako, ile mipangilio inayoelekeza jina kwenye tovuti, na kampuni uliyonunulia jina inaweza kukuwekea. Ukishaingia, wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako. WordPress inaitengeneza yenyewe tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, na iko kwenye wp-sitemap.xml; plagini nyingi za SEO, yaani programu ndogo za nyongeza za kuipandisha tovuti kwenye utafutaji, huweka ya kwao badala ya hiyo. Ukichapisha ukurasa mpya, bandika anwani yake kwenye kisanduku cha juu cha Search Console na uombe uorodheshwe. Ombi moja linatosha. Kubonyeza kila siku hakuharakishi chochote.

Swali moja, ukurasa mmoja

Tovuti nyingi za nyumba za wageni zina kurasa tano: mwanzo, kuhusu sisi, vyumba, picha, mawasiliano. Ukurasa wa mwanzo unasema "Karibu Paradiso", na hakuna anayetafuta chumba kwa maneno hayo. Kichwa cha ukurasa, yaani ule mstari mkubwa unaobofywa kwenye matokeo ya Google, kiseme kitu kilivyo na mahali kilipo: "Nyumba ya wageni Jambiani, Zanzibar: vyumba vya familia karibu na ufukwe". Neno zito litangulie. Kikizidi herufi 60 hivi huwa kinakatwa, na wakati mwingine Google hukibadilisha ikiona hakilingani na kilichomo. Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hayapandishi nafasi, ila ndiyo yanayomfanya mtu abofye wewe badala ya jirani, kwa hiyo yaandike kwa mkono, ukurasa kwa ukurasa. Ile orodha ya maneno muhimu ambayo fundi anakuambia uijaze kwa siri ndani ya ukurasa, achana nayo. Google walitangaza mwaka 2009 kwamba hawaitumii kupanga matokeo.

Hapa nieleze ukurasa mmoja kwa kirefu, kwa sababu kazi yote imo ndani yake.

Jambiani maji yakipwa, bahari inarudi nyuma mbali, mamia ya mita, na akina mama wanashuka na kamba zao kwenye mashamba ya mwani. Mgeni aliyeona picha za maji ya bluu akifika saa hiyo anadhani ametapeliwa. Wenye nyumba wengi wanalificha jambo hili. Sisi tumelitengea ukurasa mzima: "Kupwa na kujaa kwa maji Jambiani: saa za kuogelea, saa za kutembea". Aya ya kwanza inajibu swali moja kwa moja, bila karibu wala salamu: maji hujaa mara mbili kwa siku, kati ya kujaa na kupwa ni saa sita na ushei, na kila siku saa hizo zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Mtu akiishia hapo, ameshapata alichokifuata.

Chini yake kuna vichwa vidogo. Cha kwanza ni bamvua: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na hupwa sana. Cha pili ni maji mafu, siku za katikati, tofauti inapokuwa ndogo na kuogelea kunawezekana kwa muda mrefu zaidi. Cha tatu ni cha kufanya maji yakiwa yamekwenda: kutembea hadi karibu na mwamba na mwenyeji anayeijua njia, viatu miguuni kwa sababu ya miiba, na kurudi kabla maji hayajaanza kupanda. Kuna jedwali la saa za mwezi huo, limeandikwa kwa maandishi. Mwishoni viungo viwili tu, kimoja cha vyumba na kingine cha usafiri kutoka uwanja wa ndege.

Tovuti kubwa za kuuza vyumba zitakushinda kwa "hoteli Zanzibar", na hakuna haja ya kupigana nazo huko. Kwenye swali la maji ya Jambiani hawana mtu anayeamka asubuhi na kuiona bahari. Hapo ndipo pako. Hali ni hiyo hiyo kwa upepo: anayecheza kaiti, yule anayeteleza majini kwa ubao akivutwa na tiara, anataka kujua kwamba kaskazi huvuma Desemba hadi Februari au Machi, kusi Juni hadi Septemba, na kwamba masika katikati si wakati wake. Mwambie hivyo, hata kama maana yake ni kwamba asije Aprili. Mgeni uliyemwambia ukweli kwenye tovuti hakusumbui mapokezi.

Jihadhari na kitu kimoja. Usiandike kurasa tatu za jambo lile lile zenye vichwa vinavyofanana, "hoteli nzuri Jambiani", "hoteli bora Jambiani", "hoteli nafuu Jambiani". Zitashindana zenyewe kwa zenyewe. Ziunganishe ziwe moja yenye nguvu, na anwani za zile zilizofutwa zielekezwe kwenye ile iliyobaki.

Mpangilio wa kurasa

Google inagundua kurasa kwa kufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, kama afanyavyo mgeni. Ukurasa usio na kiungo chochote kinachoingia ni yatima. Hata ukiwa mzuri vipi, utakaa pembeni. Hesabu mibofyo kutoka ukurasa wa mwanzo: kila kitu cha maana kifikike kwa miwili au mitatu. Sisi tumeweka makundi matatu kwenye menyu, yaani vyumba, kufika, na maisha ya Jambiani, na majibu yote ya lile daftari yanakaa chini ya mojawapo.

Maneno ya kiungo yaseme kinakokwenda. "Bofya hapa" haimwambii mtu kitu wala haiiambii Google kitu. "Bei ya teksi kutoka uwanja wa ndege hadi Jambiani" inasema yote. Anwani za kurasa nazo ziwe fupi na zisomeke, maneno yatenganishwe kwa vistari: /jambiani/kupwa-na-kujaa/ badala ya /?p=318. Lakini kama ukurasa wa zamani tayari unaleta wageni, usiibadilishe anwani yake kwa ajili ya urembo tu. Ikibidi, weka uelekezaji wa 301, yaani wa kudumu, ili aliyeshika anwani ya zamani afike kwenye mpya.

Suala la lugha linataka umakini. Wageni wetu wengi wanasoma Kiingereza, ila wapo wanaotoka Dar es Salaam na Nairobi sikukuu za Idi na Pasaka, na kurasa za Kiswahili za mambo haya bado ni chache mno. Usiitupie plagini itafsiri. Anayetoka Dar anauliza habari za boti, bei kwa shilingi, na kama watoto wanalipiwa. Anayetoka Ulaya anauliza viza na vyandarua. Ziandike upya, kila lugha na anwani zake, na kurasa zinazolingana uziunganishe kwa lebo ya hreflang, inayoiambia Google kila ukurasa ni wa lugha gani, en kwa Kiingereza na sw kwa Kiswahili.

Picha ndizo zinazoua kasi

Google walitangaza mwaka 2016 kwamba watakuwa wanasoma toleo la simu la tovuti kwanza, na mwaka 2023 wakakamilisha kuhamia huko. Kwa hiyo ijaribu tovuti yako kwenye simu ya kawaida yenye bando, ukiwa nje ya waifai ya hoteli. Halafu ipitishe kwenye PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi. Tazama vipimo vitatu: kitu kikubwa kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya sekunde 0.2, na alama ya kurukaruka kwa ukurasa isizidi 0.1.

Kwa tovuti za wageni, tatizo karibu daima ni picha. Mpiga picha anakuletea faili la megabaiti 6, nalo linapandishwa lilivyo. Lipunguze hadi upana wa pikseli 1600, lihifadhi kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, na mara nyingi utashuka chini ya kilobaiti 200 bila jicho kuona tofauti. Taja upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo ili maandishi yasiruke picha inapoingia. Zile picha zinazopishana zenyewe juu ya ukurasa wa mwanzo, ziondoe, weka moja nzuri. Jina la faili liwe na maana, ufukwe-jambiani-maji-kupwa badala ya IMG_4471, na maandishi mbadala, yale yanayofungwa na picha ndani ya msimbo, yaeleze kinachoonekana, kwa sababu wapo wageni wasioona wanaosomewa ukurasa na simu zao.

Na bei zitoke kwenye picha! Nimekuta tovuti nyingi ambazo bei za vyumba zimo kwenye bango lililotengenezwa kwa ajili ya Instagram. Ziandike kwa maandishi, kwenye jedwali, na uziweke upya msimu ukibadilika.

Nje ya tovuti

Dai wasifu wako wa biashara kwenye ramani ya Google. Jina, simu na mahali vifanane herufi kwa herufi na vilivyo kwenye tovuti. Maoni ya wageni yajibu yote, hata machungu.

Viungo kutoka tovuti nyingine bado vina uzito, lakini usinunue. Tangu Penguin, badiliko la mfumo wake wa kupanga matokeo la mwaka 2012, Google imekuwa ikikabili viungo vya kununua. Omba kwa unaofanya nao kazi kweli: shule ya kaiti, wapiga mbizi, mwenye teksi aliye na ukurasa wake.

Kusoma matokeo

Mabadiliko huchukua wiki, mara nyingine miezi. Mara moja kwa mwezi fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console. Swali linaloonyeshwa sana na kubofywa kidogo, tengeneza kichwa cha ukurasa wake. Ukurasa ulio kati ya nafasi ya 8 na ya 20, uongezee jibu lililokosekana na viungo viwili vitatu kutoka kurasa zako nyingine. Usilinganishe Aprili na Agosti, maana masika itakufanya udhani umeanguka. Linganisha Aprili na Aprili ya mwaka uliopita, na ripoti inatosha kwa hilo kwa kuwa inahifadhi miezi 16. Na ukikuta swali ambalo tovuti yako inaonyeshwa kwalo ilhali huna ukurasa wake, lipeleke kwenye daftari. Ndilo litakaloandikwa mwezi unaofuata.