Huyu ni, huyu ndiye: kutambulisha watu, mahali na vitu kwa Kiingereza

Wengi wetu tuliambiwa darasani kwamba Kiswahili hakina "the", basi tukariri tu. Neno lenyewe kweli hatuna. Lakini maana yake tunaitumia kila siku, na mwanafunzi akionyeshwa ilipojificha, nusu ya kazi imekwisha. Ndipo ninapoanzia.

Hatua ya 1: Pima kwa "ni" na "ndiye"

Umempeleka mama hospitali, mmekaa kwenye benchi. Anapita mtu aliyevaa koti jeupe. Ukimwambia mama "Huyu ni daktari", unamweleza kazi ya mtu huyo, mmoja kati ya madaktari wengi: "This is a doctor." Ukisema "Huyu ndiye daktari", mama anaanza kukusanya vyeti vyake, maana ni yule mliyekuwa mkimsubiri tangu asubuhi: "This is the doctor."

Vitu ni vivyo hivyo. "Hiki ni kitabu": "This is a book." "Hiki ndicho kitabu": "This is the book." Wakiwa wengi, "a" inaondoka: "Hawa ni madaktari", "These are doctors." Ukikwama, sema sentensi kwanza kwa Kiswahili, halafu sikiliza kipi kimekutoka mdomoni, "ni" au "ndiye".

Hatua ya 2: Mtafutie "huyo" nafasi yake

Sisi tuna huyu, huyo na yule. Mwingereza ana "this" na "that" tu. Huyu ni "this", yule ni "that". Na huyo? Tunapomtumia kwa mtu tuliyekwisha kumtaja, mara nyingi Kiingereza kinaweka "the":

"Alikuja mzee mmoja. Mzee huyo alikuwa na fimbo."
"An old man came. The old man had a stick."

Tazama "mmoja" alivyogeuka "an", na "huyo" akawa "the".

Hatua ya 3: Mtambulishe mtu

"This is my sister, Asha. She is a nurse." "This" ni ya kumleta mtu mbele ya wenzake, akishafika, endelea na "he" au "she". Hapa ndipo tunapoumia, kwa sababu "yeye" wetu habagui mwanamke na mwanamume. "He is my mother" nimeisikia kwa watu wenye shahada. Si ujinga, ni lugha ya kwanza inavuta. Usikimbie: taja jina, vuta pumzi, ndipo uchague.

Tena, "Huyu amechoka" si "This is tired." Sema "He is tired" au "This man is tired." Kumwita mtu "this" peke yake, nje ya utambulisho, ni kumfanya kitu.

Ukiwakutanisha wawili, mwite kwanza anayestahili heshima zaidi: "Grandma, this is Asha."

Hatua ya 4: Mahali

Mito, bahari, safu za milima na visiwa vingi kwa pamoja huchukua "the": the Rufiji, the Indian Ocean, the Usambara Mountains, the Comoros. Mlima mmoja, ziwa moja, kisiwa kimoja, hapana: Mount Kilimanjaro, Lake Victoria, Pemba. Tanzania haina "the", ila jina refu linayo: the United Republic of Tanzania.

Maswali

*Nikigonga mlango naulizwa "Who is it?" Mbona "it"? Mimi si kitu.*
Hujaonekana bado, kwa hiyo hawajui waseme "he" au "she". Jibu "It's Asha" au "It's me." Ukishajulikana, "it" inakwisha.

*Kwenye simu niseme "I am Asha"?*
Watakuelewa, lakini wenyewe husema "This is Asha" au "It's Asha." Wakikuulizia wewe, Mwingereza husema "Is that Asha?", Mmarekani "Is this Asha?"

*Shikamoo yao ni ipi? Na nimwite bosi "Mr Juma"?*
Shikamoo hawana, na "How do you do?" si mbadala wake. Heshima wanaiweka kwenye jina: "Mr" au "Mrs" pamoja na jina la ukoo. Kama Juma ni jina lake la kwanza, "Mr" haikai hapo. Shika jina la ukoo mpaka mwenyewe akuambie, "Call me Juma."