Bastola Chuoni Texas: Ya Kujua Kabla Hujafungua Sanduku

Kila ikikaribia Agosti wazazi wa Tanga, Mombasa na Bujumbura huniuliza swali moja: ni kweli huko wanafunzi wanaingia darasani na bastola? Ni kweli, kwa masharti. Vijana ninaowapokea hapa Houston huwaeleza masharti hayo tukiwa bado garini kutoka uwanja wa ndege, kabla hawajapata rafiki wa kuwaeleza mengine.

Anza na pasipoti yako, sheria ya jimbo itafuata. Kama umekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1 au J-1, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na bunduki, bastola, hata risasi peke yake. Kifungu ni 922(g)(5)(B) cha Sura ya 18 ya sheria za Marekani, kiandike mahali. Tangu 2022 adhabu yake ya juu ni miaka 15 jela, na ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha unaweza kurudishwa kwenu. Usijidanganye kwamba kosa ni kununua. Kuishika kunatosha. Mwenzako wa chumba akikwambia "nishikie kidogo nivae koti", muache avae koti na mkono mmoja. Jumamosi mtaalikwa kwenye uwanja wa kulenga shabaha, kwa wenyeji hiyo ni burudani kama bao la kete kwetu. Kataa. Ukiona haya, sema una mtihani.

Kuna kijana mmoja wa Falme za Kiarabu, Hamid Rehaif, aliyekuja kusoma Florida Institute of Technology. Masomo yakamshinda, chuo kikamwondoa, naye akabaki nchini. Akaenda uwanja wa shabaha, akafyatua risasi, akashtakiwa. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Juni 2019 majaji wakasema upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba mshtakiwa alijua yumo katika kundi la waliokatazwa. Wajuaji wa mtaani husema "si alishinda?" Miaka yote ile mahakamani, na wewe viza yako imebandikwa kwenye pasipoti, utasema hukuijua?

Mwanya upo: sheria hiyohiyo inamwachia mwenye viza aliye na leseni halali ya uwindaji. Utaambiwa nunua leseni ya kuwinda, mambo yaishe. Mimi sijawahi kumshauri mtoto wa mtu ajenge maisha yake juu ya leseni ya kuwinda. Anayeutaka mwanya huo amlipe kwanza wakili wa uhamiaji.

Ndugu zetu Wakongomani waliokuja kama wakimbizi, na wote wenye grinikadi, hawamo katika katazo hilo la viza. Hao wanaweza kuomba leseni ya kubeba bastola wakitimiza masharti mengine, kwa hiyo yanayofuata wayasome mara mbili.

Sheria ya Texas inaitwa SB 11. Gavana Greg Abbott aliitia saini 2015, ikaanza kazi vyuo vikuu vya umma tarehe 1 Agosti 2016, na vyuo vya miaka miwili mwaka uliofuata. Tarehe 1 Agosti 2016 ilitimia miaka 50 kamili tangu Charles Whitman apande mnara wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin (UT Austin) na kuanza kuwapiga watu risasi. Sijui nani alikagua kalenda.

Inaruhusu hivi: mwenye leseni ya kubeba anaweza kuingia na bastola katika majengo ya chuo cha umma, ikiwa imefichwa. Bunduki ndefu hapana, na bastola ya kuning'inia kiunoni watu wakiiona hapana. Wengi huchanganya kwa sababu tangu 1 Septemba 2021 Texas iliwaruhusu watu wazima wengi kubeba bastola bila leseni. Huko ni nje. Ndani ya chuo leseni bado inatakiwa.

Panda treni za METRO uone tofauti. Laini ya zambarau itakufikisha University of Houston, chuo cha umma: jirani yako kwenye ukumbi wa mihadhara anaweza kuwa na bastola na hutajua. Laini nyekundu itakushusha karibu na Rice, chuo binafsi. Vyuo binafsi viliachiwa hiari baada ya kushauriana na wanafunzi na wafanyakazi, na Rice ilikataa, kama Baylor, SMU na TCU. Hata hivyo mwanafunzi mwenye leseni anaruhusiwa kuiacha bastola ndani ya gari lake lililofungwa katika maegesho ya chuo, binafsi au cha umma.

Chuo cha umma hakiwezi kupiga marufuku eneo lote, ila mkuu wake anaweza kutenga sehemu. Tafuta bango la kukataza bastola, liitwalo 30.06: limeandikwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisizopungua inchi moja kwenda juu. Usipoliona, chukulia kwamba zinaruhusiwa. Mabweni yana kanuni zake: UT Austin kwa sehemu kubwa ilizuia, Texas A&M iliruhusu. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa chumba, andika kwenye intaneti jina la chuo pamoja na maneno campus carry, yaani kubeba silaha chuoni, usome kanuni yenyewe. Usitegemee mwaka jana binamu yako alivyoambiwa.

Wale wa uzamivu mnaofundisha ili mlipiwe ada, nanyi sikilizeni. Mwalimu hana mamlaka ya kuzuia bastola darasani kwake, na asiwaulize wanafunzi nani amebeba. Wahadhiri watatu wa UT Austin walikwenda mahakamani kupinga. Mahakama ya rufani ikawakatalia 2018. Usijaribu kushinda kwa tangazo la mlangoni.

Ukihamia jimbo jingine, anza upya. Georgia iliruhusu Julai 2017 lakini si mabwenini, si viwanja vya michezo, si ofisi za wahadhiri. Tennessee iliwaruhusu wafanyakazi wa kudumu, si wanafunzi. California na Illinois zimekataza.

Ukiiona bastola shati la mtu likipanda, huenda ameteleza tu. Usipige kelele, usimhoji. Ondoka taratibu, ukiwa na wasiwasi piga polisi wa chuo. Ukiikuta imesahauliwa chooni, usiiguse hata kwa nia ya kuipeleka kwa wahusika, hasa wewe wa F-1. Toka nje, zuia wenzako wasiingie, piga simu. Polisi wakifika wakukute mikono mitupu, simu uwe umeshaiweka mfukoni.

Namba ya polisi wa chuo iingize kwenye simu siku unayochukua kitambulisho. Na kila jengo unalosomea lijue kwa jina lililoandikwa ukutani, kwa sababu watakachokuuliza kwanza ni uko wapi, na "pale karibu na mgahawa" hawatapajua.