Somo: kuitambua Commelina kwa brakti na stameni

Usianze na rangi. Commelina (jenasi ya mimea, kwa kifupi C.) nyingi huchanua bluu, lakini C. africana ni ya njano, na mimea mingine ya familia yake nayo ina maua ya bluu. Kinachoamua ni brakti (jani dogo linalokumbatia maua) na stameni (viungo vya kiume vya ua).

Chukua lenzi ya mkono ya mara 10, wembe na kisahani cha maji. Toka asubuhi. Ua moja hudumu saa chache tu, na likishafunga, petali hulainika zikageuka ute usiopimika.

Hatua ya 1: ala ya jani. Majani hupishana, na sehemu ya chini ya kila jani huzunguka shina kama bomba lisilo na mpasuo. Kagua mdomo wa bomba hilo kwenye majani machanga. Vinyweleo vya rangi ya kutu huelekeza kwa C. benghalensis, lakini kwenye majani makuukuu huenda vimeshapukutika.

Hatua ya 2: brakti. Hapa ndipo wengi hupotea. Tafuta jani dogo lililokunjwa katikati, ambalo maua hutokeza ndani yake moja moja. Kwa spishi nyingi, ukiliminya hutoa ute. Sasa tazama kingo zake upande wa kikonyo. Zikiwa huru hadi chini, fikiria C. diffusa au C. africana. Zikiwa zimeungana mfano wa faneli, fikiria C. benghalensis au C. erecta. Usizivute kwa kucha: muungano ukichanika utadhani zilikuwa huru. Ukiona ukingo una mikwaruzo, chukua brakti nyingine.

Hatua ya 3: ua. Lielee majini lipate kutanuka. Petali ni 3: mbili kubwa zenye shina jembamba, na moja ndogo, mara nyingi iliyopauka. (Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alitoa jina hili kwa heshima ya akina Commelin wa Uholanzi: wawili waliotamba katika botania kama petali kubwa, na wa tatu ambaye hakuacha kazi yoyote ya kukumbukwa.) Kisha hesabu stameni. Kwa kawaida 3 za chini hutoa chavua, na ya kati hutofautiana na wenzake. Za juu, 2 au 3, ni tasa, zenye vichwa vya njano vilivyogawanyika. Zote 6 zikitoa chavua, hiyo si Commelina.

Hatua ya 4: tunda. Likate kabla halijakauka, maana likikauka hupasuka na mbegu hutawanyika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Nimeng'oa mmea nikakuta vichipukizi vyeupe ardhini vyenye mbegu. Ni ugonjwa?
Jibu: Hapana. C. benghalensis ina maua ya chini ya udongo yasiyofunguka, yanayojichavusha yenyewe. Tunda la juu huwa na mbegu 5, kubwa 1 na ndogo 4. La chini huwa na 3, kubwa 1 na ndogo 2. Chimba badala ya kung'oa, la sivyo sehemu hiyo itabaki ardhini.

Swali: Sampuli yangu inaendelea kuchipua ndani ya karatasi za kukaushia!
Jibu: Shina lina maji mengi. Lichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, ua lisiguse, halafu badilisha karatasi kila siku. Maua yakandamize peke yake, na rangi iandike palepale shambani kwa sababu hufifia.

Swali: Petali zangu 3 zinalingana ukubwa, na brakti iliyokunjwa siioni.
Jibu: Angalia Murdannia, jenasi nyingine ya familia hiyohiyo. Kwake stameni tasa hupishana na zenye chavua, hazikai upande mmoja.